Ugumu wa kuhamisha rekodi za wagonjwa

REKODI za wagonjwa zinapohamishwa kutoka mfumo mmoja wa tarakilishi hadi mwingine, kosa la tarakimu moja laweza kumfanya mtu anayemeza dawa kila siku aonekane kana kwamba aliacha matibabu.

Jambo hili lina uzito katika kaunti za Homa Bay na Migori, kandokando ya Ziwa Victoria. Utafiti wa KENPHIA wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba Homa Bay iliongoza nchini Kenya kwa maambukizi ya virusi vya ukimwi, kwa asilimia 19.6 ya watu wazima, nayo Migori ikawa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Hospitali ya Homa Bay ilianza kutoa dawa za ARV bila malipo mwaka wa 2001, ikisaidiwa na Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Hivyo wapo wagonjwa ambao historia yao imepita miaka 20.

Wizara ya Afya ilipoanza kueneza rekodi za kielektroniki mwaka wa 2012, mifumo miwili ilitia fora: IQCare, iliyohifadhi data katika Microsoft SQL Server, na KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS na kutumia MySQL. Baadaye vituo vya IQCare vilihamia KenyaEMR.

Tofauti haikuwa ya jina tu. Katika hifadhidata za kawaida, kila fomu huwa na jedwali lake na kila swali safu yake. OpenMRS huweka kila jibu, uwe ni uzito au aina ya dawa, katika mstari wake, na maana yake husomwa kutoka kwa kamusi ya mfumo. Anayehamisha data hana budi kutafsiri kila msimbo. Akikosea msimbo wa dawa, daktari atadhani mgonjwa alibadilishiwa tiba, na huenda akauliza ni kwa nini ile ya kwanza ilishindwa.

Tarehe ndizo hatari zaidi. Mgonjwa aliyetakiwa kurudi 03/07, yaani Julai 3, akisomwa kwa mtindo wa Marekani atakuwa alitarajiwa Machi 7, na ataorodheshwa miongoni mwa waliopotea. Tarehe 25 ingekataliwa na mfumo papo hapo. Ni zile za 1 hadi 12 zinazopenya kimyakimya.

Kisha kuna nambari ya mgonjwa. Nchini Kenya huwa na tarakimu 10: tano za kituo na tano za usajili. Nambari ya usajili 00417 ikihifadhiwa kando kama hesabu, sifuri hutoweka na kubaki 417. Kwa mvuvi aliyehama kutoka Mbita hadi Muhuru, hapo ndipo rekodi mbili za mtu mmoja hushindwa kukutana.

Ndiyo maana uhamishaji hujaribiwa kwanza kwenye nakala. Wanaotumia dawa huhesabiwa kabla na baada, kituo kwa kituo, na baadhi ya rekodi hulinganishwa na kadi za karatasi za MOH 257. Hapa karani wa masijala, ambaye mara nyingi haitwi mikutanoni, ana thamani kuliko fundi, kwa kuwa anajua mwandiko na faili za kituo chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, data huhama yote au isihame kabisa, mradi fundi aliiagiza hifadhidata hivyo. Seva ya zamani nayo huachwa ikisomeka, bila kuandikwa chochote kipya, hadi hitilafu zote zitatuliwe.