Medali ya Dhahabu: Tuipime Kabla ya Kuinunua

Wako watu wanaonunua kwa bei kubwa medali, jezi na mipira ya wanamichezo mashuhuri. Penye faida, wadanganyifu hawakosekani. Je, mnunuzi atajikingaje? Kanuni ya Archimedes, ifundishwayo shuleni, yaweza kumsaidia.

Tuchukue mfano wa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Medali za dhahabu tupu zilitolewa mara ya mwisho huko Stockholm mwaka 1912. Tangu wakati huo, mshindi wa kwanza hupewa medali ya fedha iliyopakwa dhahabu. Ile ya michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ina tungamo ya gramu 556 hivi, na dhahabu yake huzidi gramu 6 kidogo tu.

Tuseme muuzaji ametuletea medali hiyo, na mizani imeonyesha gramu 556. Tuivue utepe, tuizamishe katika chombo kilichojaa maji hadi ukingoni, na tuyakinge maji yanayomwagika. Densiti ya fedha ni 10.5, hivyo tutapata sentimita za ujazo 53 hivi. Shaba nyeupe, yenye densiti ya 8.5 hivi, ingemwaga 65. Dhahabu tupu, yenye densiti ya 19.3, ingemwaga 29 tu. Nayo pia ingekuwa ya bandia!

Hata hivyo, kipimo hiki hufichua uongo tu; hakithibitishi ukweli, kwani mghushi aweza kutumia fedha halisi. Medali ikifaulu majini, ndipo tudai hati zinazoonyesha imepitia mikononi mwa nani tangu ilipotoka kwa mshindi.