Nilivyotaka Kuikosoa Tarakilishi

Ndugu msomaji, ukinikuta maktabani nimeinamia sifuri na moja kurasa nzima, usidhani nimerukwa na akili. Nina safari yangu.

Kuna programu iitwayo scikit-learn, iliyoanzishwa mwaka wa 2007 na David Cournapeau. Huifunza tarakilishi kwa mifano: unaipa uzito na rangi ya maembe mia ambayo aina zake zinajulikana, nayo hukisia aina ya embe la mia na moja. Msimbo wake uko wazi. Yeyote aweza kuusoma, na akiona kosa apeleke sahihisho likaguliwe, hata akiwa mwanafunzi wa kutwa kama mimi.

Basi muhula uliopita nikadhani nimeshika kosa. Niliiambia tarakilishi, kwa Python, lugha iliyotumiwa kuandika sehemu kubwa ya programu hiyo, ijumlishe 0.1 na 0.2. Lo! Ikajibu 0.30000000000000004. Hata mtoto wa darasa la tano anajua ni 0.3! Papo hapo nikaanza kutunga barua ya kuwaarifu wakubwa hao, jina langu kwa herufi kubwa.

Kwa bahati nilimwonyesha mwalimu wa hisabati kwanza. Hakucheka (alitabasamu tu, jambo ambalo ni baya zaidi). Akauliza, "Thuluthi moja ukiiandika kwa desimali utamaliza lini?"

"Sitamaliza, mwalimu. Ni 0.333 mpaka usiku."

"Haya, andika sehemu ya kumi kwa sifuri na moja tupu."

Nikaandika 0.000110011001100... hadi ukurasa ukajaa. Kumbe nayo haina mwisho! Tarakilishi huukata mkia huo na kukadiria, ndipo kinapotokea kile kijichembe cha 4.

Wala si mzaha. Tarehe 25 Februari 1991 huko Dhahran, Saudia, mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100, ukihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Vijichembe vilikuwa vimerundikana hadi kama thuluthi ya sekunde. Kombora likapenya, wanajeshi 28 wa Marekani wakafa.

Programu za kujifunza nazo hujumlisha namba kama hizo mara mamilioni. Barua niliichana. Sasa nasoma misingi: namba za jozi, kisha namna ya kupanga orodha na kutafuta kitu ndani yake. Tarakilishi ya maabara tunaipokezana wanne, kwa hivyo mengi nayafanyia daftarini. Wiki jana nilisoma ukurasa mmoja wa msimbo wa scikit-learn toka juu hadi chini. Nilielewa mistari kumi na mmoja.