Neno "Uncle" kwa Mchina Ajifunzaye Kiingereza

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa Kichina hujifunza mapema na kuyaelewa baadaye sana, limo neno "uncle". Kwa Mwingereza, ndugu wa kiume wa baba, ndugu wa kiume wa mama, na hata mume wa shangazi, wote huitwa hivyo. Mchina hana jina moja la kuwakusanya. Mkubwa wa baba ni bobo, mdogo wa baba ni shushu, ndugu wa kiume wa mama ni jiujiu, mume wa shangazi ni gufu, na mume wa mama mdogo au mama mkubwa ni yifu. Msomaji wetu hatastaajabu sana, kwani naye ana baba mkubwa, baba mdogo na mjomba.

Si kwamba Kiingereza hakikupata kutofautisha. Kiingereza cha kale kilikuwa na fædera, ndugu wa baba, na eam, ndugu wa mama. Yote mawili yalififia mbele ya neno lililotoka Kifaransa, ambalo asili yake ni avunculus la Kilatini, yaani mjomba peke yake. Mjomba amewameza baba wakubwa na wadogo!

Hivyo basi, mwanafunzi asomapo hujiuliza ni yupi anayetajwa. Jibu halimo katika neno. Huenda limo katika habari, na pengine halimo kabisa. Aandikapo, hutaka kuongeza "mkubwa" au "mdogo", desturi ambayo Kiingereza hakina. Yampasa aeleze kwa urefu.

Mfano mzuri ni kitabu cha Harriet Beecher Stowe, Uncle Tom's Cabin, cha mwaka 1852. Lin Shu na Wei Yi walipokitafsiri kwa Kichina mwaka 1901, waliliondoa neno hilo katika jina la kitabu, wakataja mtumwa mweusi aililiaye Mbingu. Wafasiri wa baadaye wametumia shushu, na wengine dabo. Lakini hapo hapana ujamaa: Wazungu wa kusini mwa Marekani waliwaita wazee weusi hivyo ili wasiwaite "Bwana". Kwa kuwa mtoto wa Kichina humwita shushu hata mgeni kwa heshima, twaona neno hilo lafunika dhuluma iliyokusudiwa kuonekana.

Nasi yatuhusu. Hati ya Kiingereza isemayo kwamba marehemu ameacha "uncle" haifai kufasiriwa upesi kuwa mjomba, kama ilivyozoeleka. Katika mirathi ya Kiislamu ami, yaani ndugu wa baba, huhesabiwa miongoni mwa asaba, ilhali mjomba ni katika dhawil-arham, ambao hungoja mpaka wanaowatangulia wakosekane. Mfasiri asiyejua na aulize. Akikosa wa kumwuliza, aandike "ndugu wa kiume wa baba au wa mama".