Kuwa na Uwezo na Kuutimiza: Namna Wasemaji wa Kiingereza Wanavyoeleza Uwezo katika Sentensi za Kila Siku

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza huelezwa mapema kwamba kitenzi “-weza” ni sawa na “can”, na kwamba umbo la wakati uliopita la “can” ni “could”. Katika sentensi nyingi ulinganifu huo hauleti taabu. Taabu huanza pale anaposimulia tukio moja lililokwisha kutokea. Kwa Kiswahili husemwa, “Moto ulikuwa mkali, lakini waliweza kutoka,” na msikilizaji hana shaka kwamba watu hao walitoka. Kauli hiyo ikihamishwa neno kwa neno kuwa “The fire was fierce, but they could get out,” msikilizaji Mwingereza huelewa kwamba njia ya kutokea ilikuwapo. Iwapo watu walitoka au hawakutoka, sentensi haisemi.

Makala hii inaeleza chanzo cha tofauti hiyo. Hoja yake kuu ni kwamba lugha hizi mbili huigawa dhana ya uwezo kwa vigezo tofauti. Kiingereza hutenganisha kuwa na uwezo na kuutimiza uwezo huo katika tukio mahususi. Kiswahili, kwa upande wake, hutenganisha zaidi uwezo kwa kuzingatia unakotoka: ujuzi wa mtu, nguvu au nafasi aliyo nayo, au hali ya kitu chenyewe.

2.0 Asili ya “can” na upungufu wake

Katika Kiingereza cha Kale, kitenzi “cunnan” kilikuwa na maana ya kujua. Kutoka maana ya kujua jambo kilipanuka hadi kujua namna ya kulitenda, na hatimaye kuweza kulitenda kwa sababu yoyote ile. Kitenzi kilichobeba dhana ya nguvu hapo kale ni kile kilichozaa “may” ya leo, ambayo sasa hutumika zaidi kwa ruhusa na uwezekano. Hivyo “can” ilichukua eneo lote la uwezo. Msemaji wa leo husema “She can swim” kwa ujuzi, “He can lift a sack of cement” kwa nguvu za mwili, na “I can come on Friday” kwa nafasi, bila kubadili kitenzi.

Hata hivyo, “can” ni kitenzi kisaidizi chenye upungufu wa kimofolojia. Hakina umbo la kitenzi-jina, hakipokei kiambishi cha nafsi ya tatu umoja, na hakiwezi kufuata kitenzi kisaidizi kingine cha aina yake. Kwa sababu hiyo, pale muundo unapodai maumbo hayo, Waingereza hutumia “be able to”. Husema “I would like to be able to help” na “She has been able to work since March”. 

Kwa wakati ujao, mgawanyo wao wa kazi ni wa kisemantiki pia. Uwezo uliopo tayari sasa, ingawa utatumika baadaye, huelezwa kwa “can”: “I can see you tomorrow.” Uwezo ambao haujapatikana bado hudai “will be able to”: “After the operation she will be able to walk.” Tayari hapa tunaona kwamba lugha hii inazingatia kama uwezo upo au utatokea.

3.0 Uwezo uliopita: “could” dhidi ya “was able to”

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika wakati uliopita. Tuangalie sentensi zifuatazo:

(1) “When she was ten, she could swim across the river.”
(2) “The boat overturned, but she was able to swim to the bank.”
(3) “The boat overturned, but she managed to swim to the bank.”

Sentensi ya (1) inaeleza sifa aliyokuwa nayo mtu katika kipindi fulani. Huenda aliuvuka mto mara nyingi. Huenda hakuuvuka hata mara moja. Sentensi ya (2) na ya (3) zinaeleza tukio moja lililotimia. Katika mazingira ya sentensi hizi mbili, wasemaji wengi wa Kiingereza huepuka “could”, kwa kuwa huwasilisha uwezo pasipo kuthibitisha tendo.

Baina ya “was able to” na “managed to” kuna tofauti pia. Lauri Karttunen (1971) aliviita vitenzi vya kundi la “manage” vitenzi vyenye kudokeza utimilifu: vikiwa katika hali yakinishi, tendo lilifanyika, vikikanushwa, halikufanyika. Zaidi ya hayo, “managed to” hubeba fununu kwamba palikuwa na ugumu. Ndiyo maana “I managed to open the door” husikika vizuri ikiwa kufuli lilikuwa na kutu, lakini huleta kicheko ikiwa mlango ulikuwa wazi nusu. Usemi “was able to” unaweza kutumika kwa utimilifu na pia kwa sifa ya jumla. Muktadha ndio huamua.

4.0 Mazingira ambamo tofauti hufifia

Kanuni iliyotajwa hapo juu ina mipaka miwili muhimu. Mpaka wa kwanza ni ukanushi. “She couldn’t open the door” na “She wasn’t able to open the door” hukaribiana sana kimaana, hata kwa tukio moja. Sababu yake si ngumu kuiona: asiyekuwa na uwezo hakutenda, kwa hiyo kukana uwezo ni kukana tendo vilevile. Maneno yanayokaribia ukanushi, kama “hardly”, huleta athari hiyohiyo: “I could hardly lift it” ni kauli ya kawaida kuhusu tukio moja.

Mpaka wa pili ni vitenzi vya hisi. Mwingereza husema “I can see the lighthouse” akimaanisha kwamba anauona mnara sasa hivi, na “I could hear the rain” akimaanisha kwamba aliisikia mvua. Katika vitenzi hivi uwezo na utimilifu ni kitu kimoja, na tafsiri sahihi ya Kiswahili mara nyingi haihitaji “-weza”: “Ninauona mnara”; “Nilikuwa ninaisikia mvua.”

5.0 Mgawanyo wa Kiswahili

Kiswahili hakina upungufu wa kimofolojia unaofanana na wa “can”. Kitenzi “-weza” hupokea viambishi vyote vya njeo, huwa kitenzi-jina, na huchukua yambwa moja kwa moja, kama katika “Mzigo huu siuwezi”. Katika matumizi ya zamani, ambayo bado yanasikika, “hawezi” peke yake humaanisha ni mgonjwa. Kiambishi “-li-” kikiungana na “-weza” katika usimulizi, maana ya kawaida ni utimilifu. Sifa ya kudumu huelezwa kwa njia nyingine, mathalani “alikuwa na uwezo wa”, na uwezo usiotumika huelezwa kwa “angeweza” au “angaliweza”.

Mahali Kiswahili kinapochora mpaka wake ni kwenye chanzo cha uwezo. Kwa ujuzi uliofunzwa, chaguo la kwanza ni “-jua”: “Anajua kuogelea”, “Unajua kuendesha gari?” Kwa nguvu, afya au nafasi, hutumika “-weza”: “Anaweza kubeba gunia.” Mtu aweza kusema, “Ninajua kuogelea lakini leo siwezi, mkono unaniuma,” na kila kitenzi kikatimiza kazi yake. Kwa uwezekano unaotokana na hali ya kitu, hutumika kauli ya kutendeka, ambayo E. O. Ashton aliijadili katika sarufi yake ya mwaka 1944: “Barabara inapitika”, “Mwandiko huu hausomeki.” Hapa Kiingereza hurejea kwenye “can” pamoja na kauli ya kutendwa, au hutumia kivumishi chenye kiambishi tamati “-able”.

6.0 Athari katika tafsiri

Tofauti hizi zina uzito nje ya darasa. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, ilikuwa kawaida shahidi kutoa ushahidi kwa Kiswahili na mwenendo wa shauri kuandikwa kwa Kiingereza. Tuchukue kauli ya kubuni: “Mlinzi aliweza kufunga lango.” Ikiandikwa “The guard could close the gate,” anayesoma kumbukumbu hiyo katika rufaa hapati tena uthibitisho kwamba lango lilifungwa. Anaweza hata kudhani kwamba mlinzi alikuwa na uwezo akazembea. Tafsiri iliyo salama ni “was able to close” au “managed to close”.

Hatari ipo pia kwa upande wa pili. “The guard could have closed the gate” ni lawama: hakulifunga. Mfasiri akiandika “aliweza kufunga” badala ya “angeweza kufunga”, tendo ambalo halikufanyika litasomeka kana kwamba lilifanyika.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba ulinganifu wa “-weza” na “can” unafaa kwa wakati uliopo, na kwamba katika wakati uliopita yakinishi haupaswi kutegemewa. Mfasiri kutoka Kiswahili aulize kwanza iwapo tendo lilifanyika. Jibu ndilo litakaloamua baina ya “could” na “was able to”. Mfasiri kutoka Kiingereza aulize uwezo unaotajwa unatoka wapi. Jibu litaamua baina ya “-jua”, “-weza” na kauli ya kutendeka. Ufundishaji unaoanza na maswali hayo mawili, kabla ya orodha ya maumbo, utamwezesha mwanafunzi kuona kwamba kosa lake si la kusahau kanuni, bali ni la kutumia mpaka wa lugha moja katika lugha nyingine.