NANI MWENYE KIPAWA?

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, kijana wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari na kuyaacha yapoe kabla ya kuyaingiza jokofuni. Siku hiyo nafasi ilikuwa ikigombewa, naye akayatia yangali moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa.

Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Kisha Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, alizuru shule hiyo. Kijana akasimama akauliza lile lile, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alilichukua swali, likajaribiwa chuoni, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala. Leo jambo hilo lajulikana ulimwenguni kwa jina la Mpemba, ingawa wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu yake, na hata juu ya kuwapo kwake.

Twawauliza ndugu wafanyakazi: ni mtihani gani ungalimtambua kijana huyu? Shule zetu za vipaji maalumu, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, zimefanya kazi njema. Lakini mlango wake umekuwa ni alama za mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani humpima mtoto kwa maswali yaliyotungwa na wengine. Hauna nafasi ya yule aulizaye, wala ya yule ashikaye swali lake miaka na miaka huku akichekwa. Tena mtoto mwenye vitabu na taa hushindanishwa na aliyechunga ng'ombe hadi magharibi, nasi tukaiita tofauti hiyo kipawa!

Mwalimu Nyerere alikwisha kuionya mitihani ya kukumbuka tu katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kazi na mwenendo vihesabiwe pia.

Twashauri shule hizo zitenge nafasi kwa watoto watakaoletwa na kazi zao wenyewe. Watasema upendeleo utaingia, na hofu hiyo ni ya haki. Basi mtoto aieleze kazi yake kwa kinywa chake, mbele ya walimu wasiomjua.