Aliyeumia uti wa mgongo aulizwe, asisemewe

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, tuliwahi kumzuru kijana aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, akavunjika uti wa mgongo na kupooza miguu. Tulizungumza na baba yake, tukawapa pole ndugu zake, tukamwombea dua arejeshewe miguu yake, kisha tukanyanyuka kuondoka. Hapo kijana akasema kwa upole: "Sheikh, nami nina swali. Nimewekewa mpira wa mkojo usiku na mchana. Nitasali vipi? Hii ni wiki ya tatu sijasali, na hakuna aliyeniuliza." Tuliona haya. Tulikaa kando ya kitanda chake muda mrefu, na yeye mwenyewe hatukumuuliza neno.

Swali lake lilitukumbusha Imran bin Huswayn (RA). Sahaba huyo alisumbuliwa na bawasiri, akaenda mwenyewe kumuuliza Mtume (SAW) habari ya sala. Akaelekezwa asali kwa kusimama, asipoweza, akae, asipoweza, alale ubavu. Imam Bukhari ameipokea hadithi hiyo. Swali la mgonjwa mmoja likawa nafuu kwa wagonjwa wa zama zote. Anayeishi na maradhi anayajua mambo ambayo mwenye afya hayaoni, na hayajulikani mpaka aulizwe.

Ndani ya uti wa mgongo hupita ugwe wa fahamu unaouunganisha ubongo na mwili. Ugwe huo ukibanwa au kukatika, hupotea mwendo, hisia za ngozi, na aghalabu uwezo wa kuzuia haja ndogo na kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na hali hii. Kwetu Tanzania, uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya KCMC, Moshi, juu ya majeruhi wa namna hii ulionyesha kuwa sababu iliyotangulia ni kuanguka, ikifuatiwa na ajali za barabarani.

Watu wengi hudhani kuwa aliyepooza hutamani jambo moja tu, nalo ni kutembea. Mwaka 2004, mtafiti wa Marekani Kim Anderson, ambaye naye aliumia uti wa mgongo, alichapisha majibu ya watu 681 wenye hali hiyo. Aliwauliza ni kitu gani kikirejea kingeyabadilisha zaidi maisha yao. Waliopooza mikono na miguu walitanguliza nguvu za mikono. Waliopooza miguu peke yake walitanguliza mambo ya unyumba. Makundi yote mawili yalitilia uzito haja ndogo na kubwa. Hakuna kundi lililoweka kutembea mahali pa kwanza. Kama asingewauliza, watafiti wangeendelea kuyakisia matamanio ya watu ambao wangeweza kuwajibu wenyewe.

Kutouliza kunaweza pia kugharimu uhai. Aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya mgongo huweza kupatwa ghafla na shinikizo kubwa la damu, kichwa kikamuuma mno na uso ukamwiva. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa kwa sababu mpira wa mkojo umejikunja au umeziba. Mgonjwa aliyefundishwa hulitambua jambo hili mapema; huomba akalishwe wima na mpira wake uangaliwe, huku akipelekwa kwa daktari upesi. Asiposikilizwa, hupewa dawa ya kichwa, na hatari ikazidi.

Upo mfano wa kuigwa nchini Bangladesh, kwa ndugu zetu wa imani. Mwaka 1979, Valerie Taylor, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka Uingereza, alianzisha kituo cha waliopooza katika ghala lililoachwa ndani ya hospitali mjini Dhaka. Leo makao makuu ya kituo hicho yapo Savar. Kabla ya kurudi nyumbani, mgonjwa hujizoeza maisha ya kijijini akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Miongoni mwa wafanyakazi wa kituo wamo wenye ulemavu, na mgonjwa mpya hujifunza kwa mtu aliyekwisha kuipita njia hiyo.

Enyi wazazi na wanandoa, mgeuzeni mgonjwa wenu kitandani kila baada ya saa mbili, na mkague ngozi yake kila siku, kwani vidonda vya kulalia humwanza bila yeye kuhisi maumivu. Mbele ya daktari, mwacheni ajisemee. Akiombwa kuingia katika utafiti, ni haki yake kuelezwa faida na madhara, kukubali au kukataa, na kuambiwa matokeo. Na katika mambo ya ndoa, mume na mke wamuulize mtaalamu bila kujificha; Bibi Aisha (RA) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao.

Ama yule kijana, tulimjibu kuwa mpira wa mkojo haumwondolei sala. Yeye ni mwenye udhuru wa kudumu: wakati wa sala ukiingia, ajisafishe kadiri awezavyo, atie udhu kwa ajili ya faradhi hiyo, kisha asali papo hapo katika hali aliyonayo. Asiyeweza kujitawadha atawadhishwe na jamaa zake. Akaomba maji, na baba yake akamshikia birika. Alasiri ile tulisali naye, yeye akiwa kitandani.

Tunamwomba Allah (SW) awape wagonjwa wetu shifaa na subira, na atupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Wabillahi tawfiq.