Taa ya upepo wa tairi ikiwaka, dereva usiipuuze

Miongoni mwa magari yanayoingia nchini siku hizi, yapo yasiyokuwa na tairi la akiba wala jeki. Badala yake yamefungwa matairi maalumu yanayoweza kutembea hata yakiishiwa upepo. Dereva wa gari la namna hiyo hana budi kuielewa taa moja ndogo ya manjano iliyopo kwenye dashibodi.

Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka 2000, kufuatia vifo vya watu ambao magari yao yalipinduka baada ya matairi kuharibika, ndiyo iliyoleta sharti la magari madogo yote mapya kuwa na taa hiyo kuanzia Septemba 2007. Hutakiwa kuwaka upepo unapopungua kwa asilimia 25.

Taa ikiwaka mfululizo, dereva apunguze mwendo, aepuke kufunga breki ghafla, kisha asimame mahali pa salama apime upepo. Ikimetameta kwa dakika moja hivi kabla ya kutulia, kasoro ipo kwenye kifaa chenyewe.

Kipimo sahihi cha upepo, tairi likiwa limepoa, kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu tu.

Tairi hilo maalumu lina ubavu mnene unaobeba uzito wa gari, hivyo hata likiwa tupu huonekana zima. Hata hivyo, uwezo wake una mpaka: kwa kawaida kilomita 80, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Anayepata pancha akianza safari Dar es Salaam hawezi kulitegemea hadi Morogoro, umbali wa takriban kilomita 190.

Hatari nyingine ipo kwa fundi wa pancha. Tairi lililotembea bila upepo huweza kuharibika ndani ya ubavu, ilhali nje halina alama. Likizibwa na kujazwa, laweza kupasuka gari likiwa kasi.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya watengenezaji hukataza kabisa kuliziba. Wanaoruhusu hutaka livuliwe kwenye ringi na kukaguliwa ndani, na tundu liwe dogo, tena kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Tundu la ubavuni halizibwi.

Fundi aelezwe ukweli gari limetembea umbali gani tairi likiwa tupu. Asiyejua jibu, ni heri anunue tairi jipya.